Anasoma 6/6, lakini neva zimevimba: kisa cha mtoto aliyeletwa kupimiwa miwani

Kisa hiki ni cha mvulana wa miaka minane, mwanafunzi wa darasa la tatu, aliyeletwa na mama yake kwenye kliniki yetu ndogo ya macho katika mji mmoja wa Tanzania bara. Sababu iliyoandikwa kwenye kadi ilikuwa fupi: "Haoni ubaoni." Nitamwita Musa, ingawa si jina lake. Mji, tarehe na mambo kadhaa ya familia nimeyaacha au kuyageuza, na mama yake ameridhia kisa kiandikwe. Mimi ni mpima macho, si daktari bingwa, kwa hiyo yaliyofanyika chumba cha upasuaji nayasimulia kama nilivyoyasoma kwenye barua iliyotoka hospitali.

## Usuli

Musa ni mtoto wa pili kati ya watatu. Mama anauza chai na vitumbua karibu na stendi, baba ni utingo wa lori na nyumbani huonekana kwa nadra. Bima hawana. Mtoto alizaliwa salama, chanjo alimaliza, hajawahi kuvaa miwani, na kwao hakuna mwenye kengeza.

Wiki saba kabla ya kuja kwetu kichwa kilianza kumuuma. Zahanati walipima malaria, hakuna kitu, wakampa panadoli. Wiki iliyofuata alitapika asubuhi mbili mfululizo, wakaenda kituo kingine, mkojo ukapimwa, ikawa UTI (siku hizi ni mtoto gani asiyeambiwa ana UTI?). Mara ya tatu kipimo cha Widali kikasema taifodi, akachomwa sindano siku tano. Mara ya nne ilikuwa duka la dawa, akapewa ya minyoo.

Kila dawa ilionekana kusaidia. Sababu yake niliielewa baadaye, nilipomwomba mama anisimulie siku moja nzima ya mwanawe tangu kuamka. Kichwa kilikuwa cha alfajiri. Saa kumi na mbili Musa anaamka ameshika utosi, anatapika bila hata kusikia kichefuchefu, anajilaza tena. Mama anafunga biashara, wanapanga foleni, na zamu yao inapofika saa nne au saa tano mtoto amechangamka na anaomba soda. Hakuna mhudumu hata mmoja aliyewahi kumwona akiwa mgonjwa.

Aliyegundua kitu kingine ni mwalimu wa darasa. Aliona Musa akinakili ubaoni mistari inapanda juu na kushuka. Akamhamishia dawati la mbele, hali ikabaki ile ile. Akaandika kwenye kipande cha karatasi kwamba mzazi ampeleke mtoto akapimwe macho.

## Jumamosi, saa nne na nusu

Jumamosi kwetu ni siku ya watu. Siku hiyo kwenye benchi walikuwa kumi na tisa, wengi wao wazee wa miwani ya kusomea. Msaidizi wangu alimsimamisha Musa mita sita kutoka kwenye chati ya E, akafunika jicho moja, kisha la pili. Mtoto alionyesha kwa vidole mwelekeo wa kila E mpaka mstari wa chini, bila kusita. Kadi ikaandikwa 6/6 kulia, 6/6 kushoto, maana yake kwa mita sita anasoma kile ambacho jicho zima husoma kwa mita sita.

Nikiwa chumba cha pili nilimsikia msaidizi akisema, "Mama, macho yake mazima, miwani haitaki." Sauti ilikuwa ya kumpa mtu habari njema. Mama alishasimama, anajifunga khanga vizuri.

Tuna utaratibu kwamba kila mtoto anayekuja mara ya kwanza lazima aangaliwe ndani ya jicho, aone asione. Nisijisifu: Jumamosi utaratibu huo tulikuwa tunauvunja mara nyingi, na siku ile ungevunjwa pia. Mama ndiye aliyeturudisha. Alitoa daftari kwenye kikapu, akasimama mlangoni kwangu. "Sasa dokta, kama anaona, mbona anaandika hivi?"

Ukurasa wa Januari ulikuwa wa mtoto nadhifu: herufi zimekaa juu ya mstari, nukta mahali pake. Ukurasa wa mwezi wa tano ulikuwa wa mtu mwingine. Herufi kubwa, halafu ndogo, halafu kubwa. Neno linaanza kwenye mstari na kuishia katikati ya mstari wa juu. Pale alipotaka kuweka nukta, penseli ilikuwa imetoboa karatasi.

Kilichonishtua ni kwamba maneno yote yalikuwa sahihi. Mtoto asiyeona ubaoni hukosea maneno. Anaandika "kuku" palipoandikwa "kaka", anaruka mistari, anachungulia daftari la mwenzake. Mkono wake lakini haupotei. Huyu kila herufi ya ubaoni aliipata, ila mkono ndio uliokuwa unamkimbia.

Nikamwambia mama akae. Nikamuuliza Musa mwenyewe, si mama, maswali matatu. Kichwa kinauma saa ngapi? "Nikiamka." Kuna wakati macho yanaingia giza? Akafikiri. "Nikiinama kuokota mpira kunakuwa giza, halafu kunarudi." Kwa muda gani? Akahesabu kwa vidole: moja, mbili, tatu, nne. Umewahi kuona kitu kimoja kikiwa viwili? Hapo akamtazama mama kwanza, kama mtoto anayehofia kuambiwa muongo, kisha akasema ndiyo, bodaboda zikipita barabarani.

Sakafu yetu ni ya vigae. Nikamwomba atembee juu ya mstari wa kiungo, kisigino kikigusa vidole. Hatua ya tatu akaenda kushoto. Akarudi, akajaribu tena, akaenda kushoto tena, akacheka. Nikamwambia afuate kalamu kwa macho bila kugeuza kichwa. Alipotazama kushoto kabisa, jicho la kushoto liligota kabla ya kufika, na utepe mwembamba wa weupe ukabaki upande wa nje. Kipimo cha kufunika na kufunua jicho nilikuwa nimeshakifanya dakika tano kabla, nikaona sawa, kwa sababu nilikifanya kwa karibu tu. Ningemtazamisha mbali ningekuta kengeza hilo mapema.

Nikazima taa. Nikamwambia atazame kalenda ukutani asiniangalie mimi, nikasogea na oftalmoskopu, kile kifaa chenye taa cha kuangalia ndani ya jicho, mpaka nikasikia pumzi yake, ilikuwa inanukia embe. Mahali neva ya jicho, ile inayopeleka picha ubongoni, inapoingilia jichoni, kwa mtu mwenye afya, panafanana na kisahani chenye ukingo unaoonekana, na mishipa ya damu inakatiza juu ya ukingo huo bila kujificha. Kwa Musa ukingo haukuwepo. Mishipa ilipanda kama barabara inayokata kilima, ikazama kwenye ukungu, ikaibuka ng'ambo. Upande wa chini kulikuwa na mchirizi wa damu, mwembamba kama ulimi wa moto wa kibiriti. Jicho la kushoto lilikuwa hivyo hivyo, baya kidogo zaidi.

## Niliyoamua, na kwa nini

Jambo la kwanza lilikuwa kujiuliza kama uvimbe ule ni wa kweli. Hapa lazima nikiri mzigo niliokuwa nao. Miaka michache nyuma nilimpeleka binti mmoja kwenye CT, kile kipimo cha picha ya ndani ya kichwa, kwa haraka kwa sababu neva zake zilionekana zimeinuka. Baba aliuza mbuzi wawili. Ikaja kuonekana ana vijiwe vidogo vya madini vilivyojizika ndani ya kichwa cha neva, hali ya kuzaliwa nayo isiyo na haraka yoyote. Tangu hapo nikawa mwoga wa kupiga kengele, na uoga huo ulinijia tena Jumamosi ile nikiwa nimeshika oftalmoskopu.

Nikapima tofauti moja moja. Neva ya kuzaliwa nayo hivyo huinuka, lakini mishipa ya damu juu yake huonekana wazi. Ya Musa ilikuwa imezama. Damu pembeni ya neva kwa hali ile ya kuzaliwa ni nadra; hapa ilikuwepo. Macho yenye namba kubwa ya plasi (yanayohitaji lenzi nene ya kukuza) nayo huwa na neva ndogo iliyobanana, inayodanganya. Retinoskopu, kifaa cha kupimia namba ya miwani kwa mwanga, ilinipa +0.75 pande zote mbili, namba ya kawaida ya mtoto wa umri huo. Na binti yule hakuwa na dalili hata moja, alikuja kwa ajili ya macho kuwasha. Musa alikuwa na kichwa cha asubuhi, kutapika, giza la sekunde akiinama, kuona viwili, na miguu inayoyumba. Mashaka yangu yakaisha.

La pili, presha ya damu. Presha ikipanda mno, kwa mtoto mara nyingi kwa ajili ya figo, nayo huvimbisha neva za macho na kumwaga damu. Mkanda wa mtoto hatukuwa nao, na ule wa mtu mzima kwenye mkono mwembamba husoma chini ya ukweli. Nikamtuma msaidizi akaazime kwenye kliniki ya jirani. Ikasoma 104/66. Njia hiyo ikafungwa.

La tatu, matone ya kupanua mboni. Nilitaka picha nzuri ya kumtumia daktari bingwa, lakini mtoto ambaye msukumo ndani ya fuvu umepanda, kama nilivyoanza kumshuku Musa, anahitaji mboni zake ziweze kusomwa na watakaompokea. Mboni iliyopanuka ghafla ni ishara wanayoiogopa. Musa alikuwa macho, anaongea, anacheka, kwa hiyo nikaamua kuweka, lakini nikachagua tropikamaidi inayoisha kwa saa chache badala ya saiklopentoleti inayoweza kukaa hadi siku nzima. Kabla ya kuweka nikaandika ukubwa wa mboni na jinsi zinavyoitikia mwanga, na saa ya matone. Kisha nikapiga picha kwa simu kupitia lenzi ya kukuzia, nikaituma bila jina. Jibu lilirudi kabla foleni haijasogea watu wawili: huo ni uvimbe wa kweli, asisubiri Jumatatu.

Mpaka hapo nilikuwa nimefanya vizuri.

## Barua

Barua ya rufaa niliiandika kwa Kiingereza, kama tulivyozoea, mistari miwili: neva za macho zimevimba pande zote, naomba uchunguzi zaidi. Juu nikaandika iende Kliniki ya Macho, hospitali ya rufaa ya mkoa. Nikamwita mama pembeni. Sikutaka kumtisha mbele ya mtoto, nikachagua maneno laini: "Kuna uvimbe kidogo nyuma ya macho, nendeni leo wakaangalie." Akauliza kama ni mbaya. Nikasema wataangalia.

Walifika hospitali saa nane mchana. Getini walisoma kichwa cha barua, Kliniki ya Macho. Kliniki ya macho Jumamosi mchana imefungwa. Wakaambiwa warudi Jumatatu, na kwa maneno niliyompa, mama hakuwa na cha kubishia. Uvimbe kidogo unaweza kusubiri.

Jioni ile sikupiga simu. Nilikuwa na harusi.

Jumatatu saa mbili asubuhi nikampigia kuuliza CT imesemaje. "Dokta, walikuwa wamefunga. Ndiyo tunajiandaa kwenda." Jumapili mtoto alitapika mara tatu na kulala mchana kutwa. Jasho likanitoka. Nikamwambia asiende kliniki ya macho, aende dharura moja kwa moja, awaambie mtoto ana presha ya kichwani.

Hilo likawa kosa la pili, na lilitoka kwenye lugha. Kwetu presha ni ugonjwa wa bibi na babu. Mama alifika mapokezi akasema, kwa uaminifu kabisa, "Mtoto ana presha." Muuguzi akapima mkono, akakuta ya kawaida, akawaambia wakae kwenye foleni.

Mama ana simu ya kitochi, picha ya barua nisingeweza kumtumia. Nikaandika barua mpya, nikafunga chumba, nikapanda bodaboda. Niliwakuta kwenye benchi, Musa amelala mapajani kwa mama yake, shati la shule limelowa matapishi. Barua ya pili naiweka hapa karibu yote, kwa sababu ndiyo iliyofanya kazi:

"Kwa: Daktari wa zamu, Idara ya Dharura. LEO. Mtoto wa kiume, miaka 8. Kichwa cha alfajiri na kutapika kwa wiki 7, tangu jana analala sana. Vichwa vya neva za macho vimevimba pande zote mbili, kuna damu. Jicho la kushoto haliendi nje kikamilifu. Anayumba kushoto. Anaona 6/6 macho yote. Presha ya damu 104/66. Nashuku msukumo umepanda ndani ya fuvu. Naomba CT ya kichwa leo. Asichomwe sindano ya uti wa mgongo kabla ya CT. Matone ya mboni yaliwekwa Jumamosi saa tano na nusu asubuhi, yameshaisha nguvu." Chini nikaweka namba yangu ya simu.

Sentensi ya sindano ya uti wa mgongo niliiweka makusudi. Mtoto mwenye kichwa, kutapika na usingizi anaweza kudhaniwa ana homa ya uti wa mgongo, na kutoa maji mgongoni wakati njia imeziba juu kunaweza kuvuta ubongo chini kwenye tundu la fuvu.

Daktari wa zamu aliisoma amesimama, akaita kitanda.

## Matokeo

CT ilipigwa mchana ule ule. Mama alikuwa na shilingi elfu arobaini. Afisa ustawi wa jamii wa hospitali alishughulikia msamaha, na hilo lilichukua muda kuliko kipimo chenyewe. Picha ilionyesha uvimbe wa kama sentimita nne nyuma ya ubongo, upande wa kushoto, kwenye sehemu inayosimamia mizani ya mwili na ustadi wa mikono. Ulikuwa umeziba njia ya maji ya ubongo, na vyumba vya maji vya juu vimetanuka. Musa aliwekwa kichwa juu kidogo, akaanzishwa deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, usiku akasafirishwa kwa gari la wagonjwa hadi hospitali yenye wapasuaji wa ubongo. Alifanyiwa upasuaji siku ya tano. Majibu ya kipande cha nyama kilichopelekwa maabara yalikuja baada ya wiki tatu: astrosaitoma ya daraja la kwanza, uvimbe wa seli za ubongo wa aina ambayo kwa watoto hukua polepole na ambayo ikitolewa yote, mara nyingi ndiyo mwisho wake. Waliitoa yote. Hakuhitaji mionzi.

Nilimwona wiki ya sita baada ya upasuaji, na tena miezi minne baada yake. Ukungu juu ya neva ulikuwa umeondoka, ukingo umerudi. Haoni tena viwili. Kulia anasoma 6/6. Kushoto ameshuka mpaka 6/9, neva imepauka upande mmoja, na nilipomjaribu kwa vidole kutoka pembeni aliviona vikiwa vimeshafika karibu na katikati. Mama anasema mpira ukitokea kushoto unampiga kabla hajauona. Mkono umetulia, si kama wa Januari, lakini daftari linasomeka. Miwani hakupewa, wala haitaki.

## Uchambuzi

Nianze na hiyo 6/6, maana ndiyo iliyokaribia kumrudisha nyumbani. Neva ya jicho imefungwa kwenye ala ile ile inayofunika ubongo, na maji ya ubongo hufika ndani ya ala hiyo hadi nyuma ya jicho. Msukumo ukipanda ndani ya fuvu, unaifuata neva na kuibana; mizigo inayosafiri ndani ya nyuzi zake hukwama, na kichwa cha neva kikavimba. Ila nyuzi zinazobeba katikati ya mwono, zile zinazosoma chati, huumia mwisho. Wa kwanza kuliwa ni ukingo wa mwono, na doa pofu, ile sehemu ndogo ambayo kila jicho halioni, hukua. Kwa hiyo chati inaposhuka, neva ilishaanza kufa zamani. Hata mboni hazikunipa dokezo, kwa kuwa macho yote mawili yaliathirika karibu sawa na hakukuwa na la kulinganisha. Jicho lililoshindwa kwenda nje nalo halioneshi uvimbe uko wapi: neva ya sita, inayovuta jicho kwenda nje, ina safari ndefu ndani ya fuvu na hubanwa na msukumo popote unapotoka.

Upimaji wa macho mashuleni unaotumia chati peke yake ungempitisha Musa. Sisemi upimaji huo hauna maana. Unawapata wengi wenye namba na wenye jicho vivu, lile ambalo ubongo haujajifunza kulitumia. Ila mwalimu akimleta mtoto kwa ajili ya kubadilika, chati haijibu swali lake. Mwalimu wa Musa alikosea ugonjwa na akawa sahihi kuhusu mtoto, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa na Januari na mwezi wa tano mkononi. Sisi wengine wote tulimwona siku moja moja. Sasa naomba daftari kwa kila mtoto wa shule, na wazazi hunishangaa.

Kuhusu zahanati na vituo vilivyotangulia, sina mawe ya kurusha. Kila mmoja alikutana na mtoto mchangamfu saa tano asubuhi, mwenye historia ya kichwa na kutapika, kwenye nchi yenye malaria. Ninalolalamikia ni kipimo kimoja cha Widali kugeuzwa hukumu. Kwenye maeneo yenye taifodi kipimo hicho husoma chanya kwa watu wengi wasiougua. Na kadi zote zilikaa kwenye mfuko mmoja nyumbani kwa mama bila mtu kuziweka mezani pamoja. Ziweke pamoja, uone kwamba hakuna hata moja iliyoandika homa.

Kosa langu la barua nalichambua hivi. Niliandika kiungo nilichokiona, jicho, nikakipeleka kwenye mlango wa kiungo hicho. Ugonjwa haukuwa wa jicho. Jicho lilikuwa dirisha tu. Aliyesoma barua getini alifanya kile barua ilichomwambia. Na maneno laini kwa mama: nilimpunguzia hofu, nikampunguzia na haraka. Ningemwambia, "Kuna kitu kinasukuma ndani ya kichwa, kinaweza kumuua au kumpofusha, msirudi nyumbani kabla hajapigwa picha ya kichwa," angelia, na pale getini asingeondoka. Kama siku zile mbili ndizo zilizolipunguza jicho la kushoto, au lilikuwa limeshaharibika ndani ya zile wiki saba, hakuna kipimo kitakachotuambia. Mama aliniuliza hilo swali alipomleta ile miezi minne baada ya upasuaji. Nikamjibu hivyo hivyo nilivyoandika.

Upande wa pili wa mizani ni yule binti wa mbuzi wawili. Watoto wengi wanaoumwa kichwa hawana chochote kichwani, na tukimpeleka CT kila mwenye neva iliyoinuka tutawafilisi watu. Njia yangu sasa ni kuangalia mishipa ya damu kwanza: imezama au inaonekana? Kama inaonekana, damu haipo, na mtoto hana dalili, napiga picha, natuma kwa bingwa, namrudisha baada ya wiki mbili nilinganishe. Kama imezama, au mtoto anatapika alfajiri, silinganishi.

Kliniki tumebadilisha machache. Msaidizi hatamki tena majibu ya chati, anasema, "Mama, bado hatujamaliza." Barua ya rufaa inaanza na idara na siku, na naisoma kwa sauti mbele ya mzazi, kwa Kiswahili, kisha namwomba anirudishie kwa maneno yake. Neno presha nimelifungia kwa presha ya damu peke yake. Na anayepewa rufaa ya siku hiyo hiyo hupigiwa simu jioni, harusi au msiba.

Mwenzangu mmoja ananipinga kwenye kuangalia ndani ya jicho la kila mtoto. Anasema Jumamosi foleni itafika barabarani. Hoja yake nimeipima kwa saa ya ukutani: bila matone, kwa oftalmoskopu ya mkono, chumba kikiwa giza, kichwa cha neva hukipata kwa mtoto wa shule ndani ya dakika mbili kwa jicho. Kwa walio chini ya miaka minne bado sijapata njia isiyohitaji matone, mama wa kumshika, na mtu wa pili wa kuchezesha funguo ukutani.